Mshika Usukani wa Gari Lisilowaka

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, hajawahi kuendesha gari linalowaka hata siku moja. Mpe gari zima, lenye mafuta na ufunguo wake, atalizunguka mara moja, atalisifia rangi, kisha atakuuliza dereva yuko wapi. Lakini mpe gari lililokufa injini, lenye usukani mzito na breki za kukanyagwa kwa miguu miwili, halafu lifunge kamba ulivute kutoka Kamuli mpaka Omurushaka wakati wa masika, njia yote utelezi, na atalifikisha bila mkwaruzo. Hiyo ndiyo kazi yake. Ameifanya zaidi ya miaka thelathini, na leseni hana wala hajawahi kuiomba.

Kuna watu wanaodhani gari linalovutwa linajiendea tu, mradi limefungwa kamba. Watu hao hunikasirisha. Gari lililozimika ni zito, na likianza kuteremka mlima linataka kumpita aliye mbele yake. Lazima mtu akae ndani, ashike usukani, akanyage breki kwa wakati wake, na asiwe mwoga. Kwetu mtu huyo ni shemeji.

Brekidauni yetu ni lori la zamani ambalo marehemu aliliunganisha mwenyewe nyumbani Igurwa, kwa winchi ya kununua na vyuma vya kuokota. Yeye aliendesha, mdogo wake akashika magari maiti, mimi nikapika. Alipofariki, ndugu wakakaa kikao kuamua lori liuzwe kwa nani. Nikawaambia haliuzwi, nitaliendesha. Mzee mmoja wa kanisa akauliza kama nitalipanda na gauni. Nikamjibu kwamba mume wangu alilipanda na suruali na lori halikusema kitu. Shemeji alicheka mpaka akatoka nje, na kesho yake asubuhi akawa amekwisha kukaa kwenye lori, upande wa abiria, ananisubiri nijifunze.

Tuna namna yetu ya kufanya kazi. Lori letu halina kioo cha nyuma upande wa kushoto, na cha kulia hunionyesha kiwiko changu. Kwa hiyo shemeji huimba. Ni besi wa kwaya yetu ya Kilutheri, sauti yake inatoka kwenye gari la nyuma na kunifikia hata mvua ikinyesha. Kamba ikikaza vizuri anaimba kwa mwendo wa ibada. Ikianza kulegea anaharakisha, kwa sababu ndoano yetu ina tabia ya kuchomoka kamba ikilegea. Tukikaribia mteremko anapandisha sauti. Akinyamaza, nakanyaga breki hapo hapo, maswali baadaye. Marehemu ndiye aliyeanzisha utaratibu huo, nami nikaurithi pamoja na lori.

Shemeji hakuoa. Ana nyumba yake ndogo pembeni ya kibanja chetu, shamba letu la nyumbani, ana migomba yake na kahawa yake kama kila mtu. Lakini migomba na kahawa kila mtu anavyo. Kushika gari lisilowaka anakuweza yeye peke yake, na watu wa njia nzima wanamjua kwa hilo. Tukipita na gari nyuma, akina mama wanasimama na majembe na kumwamkia, naye anaitikia kila mmoja katikati ya wimbo bila kupoteza ubeti. Nimemwona akishuka kwenye magari hayo akiwa ametota jasho na anameremeta usoni. Nasema haya mapema ili ieleweke kilichotaka kuchukuliwa baadaye.

Kisha ukaja ule ugonjwa. Sitautaja jina, tuliutaja vya kutosha wakati ule. Kwetu Igurwa wenyewe haukufika, ilifika hofu yake. Ndoo za maji ya dawa zikawekwa kila mlangoni. Watu ambao salamu zao huanza kwa kushikana mikono na kuendelea kushikana mpaka habari za mbuzi ziishe, sasa wakawa wanapungiana kutoka ng'ambo ya barabara. Kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambacho mgeni hupewa kabla hajaulizwa lililomleta, nilikipandisha juu darini. Niliogopa kama wengine. Nilinawa mpaka ngozi ya vidole ikajikunja.

Huku kwetu, Karagwe na Kyerwa, ikaundwa kamati ya dharura ya mambo ya usafiri, na siku moja nikaletewa barua iliyoandikwa juu kwa herufi kubwa: Kwa Wadau Wote wa Sekta ya Uvutaji wa Magari. Nilimsomea shemeji. Akaniuliza sekta ni nini. Nikamwambia ni sisi.

Sekta nzima tulikuwa watu watatu. Mimi, shemeji, na mfanyabiashara mmoja wa Kayanga, Mwislamu mstaarabu ambaye babu yake alitoka Tanga kuja kuuza vitenge akasahau kurudi. Huyo alikuwa amenunua brekidauni mpya, ndefu, ya kubeba gari zima mgongoni. Tulikalishwa kwenye darasa la shule, kila mtu kona yake, ikabidi tuzungumze kwa kupiga kelele utadhani tunagombana. Mbele alikaa katibu wa kamati, kijana nadhifu, mgeni wa huku, shati limenyooshwa mpaka mikononi na kalamu nyekundu mfukoni.

Akatusomea kanuni kumi na nne. Nyingi zilikuwa nzuri, siwezi kumsingizia. Gari lipuliziwe dawa kabla halijaguswa. Wavutaji wavae barakoa na glavu. Iandikwe nani alikuwemo ndani na anaishi wapi. Nilikuwa nikitikisa kichwa kukubali mpaka alipofika ya tisa.

"Kanuni ya tisa. Ni marufuku mtu yeyote kuwa ndani ya gari linalovutwa."

Shemeji akanyoosha mkono. "Samahani, ndugu katibu. Na usukani atashika nani?"

Katibu akaitazama karatasi. Akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. "Hapa hawajaandika usukani, mzee wangu."

"Na breki?"

"Breki pia hawajaandika."

Mfanyabiashara wa Kayanga akakohoa. "Ndugu katibu, kanuni hizi ni za magari kama langu mimi. Langu linabeba, halivuti. Kule zilikotoka nadhani yote yako hivyo."

"Basi si vizuri?" katibu akasema. "Kazi zote zifanywe na gari lako."

"Njia za lami, inshallah. Lakini hizi za Kamuli siziwezi, wallahi. Gari langu refu, tumbo lake litakalia tuta."

Katibu alieleza, kwa upole, kwamba ndani ya gari ni mahali palipofungwa na huwezi kujua nani alikohoa humo jana. Hoja ilikuwa na maana, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikasimama nikasema basi, mwanangu, tuyafundishe magari kujishika yenyewe, na litakalokataa tulipeleke kituoni. Akaandika kitu kwa kalamu nyekundu. Nadhani kilinihusu mimi.

Tukarudi nyumbani. Tulipofika Igurwa shemeji akateremka, akaniambia, "Umri wenyewe umekwenda, shemeji. Waache." Kisha akaenda kukata majani makavu ya migomba, kazi aliyokuwa ameimaliza juzi yake.

Wiki zilizofuata nilimtazama akipungua. Aliikata majani migomba ile mpaka ikabaki imesimama uchi. Nyuma ya nyumba tuna bodi la gari la zamani ambamo kuku wanataga, na mara mbili nilimkuta amekaa humo, mikono magotini, kuku wanamkodolea macho. Alisema anatafuta mayai. Jumapili tulikaa kanisani kwa umbali, kwaya ikapunguzwa watu, naye akawa wa kwanza kujitoa. Mtu aliyekuwa akiimba kutoka Kamuli mpaka Omurushaka sasa hata jikoni haimbi. Nilipata hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, maana ugonjwa hauna ofisi.

Basi nikaielekeza kwenye fomu.

Kila gari nililoitiwa ilibidi nijaze fomu ya kamati, nakala tatu. Nilijaza kwa mwandiko wangu mzuri wa shule. Aliyemo ndani ya gari: hakuna. Anayeshika usukani: hakuna. Anayekanyaga breki: Mungu. Fomu ikarudi na maandishi mekundu pembeni: andika jina la mhusika aliyesajiliwa. Nikaandika upya: Mungu, amesajiliwa kanisani kwetu. Ikarudi tena, na safari hii katibu aliniomba niwe makini kwa sababu haya ni mambo ya afya ya watu. Nilijibu, nakala tatu, kwamba niko makini kabisa, na kwamba kwa sababu hiyo magari matano ya njia ya Kamuli bado yamekaa palepale yalipofia, na wenye nayo wameyafunika majani ya migomba yasipigwe jua. Nikaongeza kwamba ninaye mtu wa kuyashika. Sikupata jibu.

Hata hivyo sikuvunja kanuni. Nataka hilo lijulikane. Ningeweza kumkalisha shemeji ndani na kupita njia za ndani kwa ndani, lakini yeye mwenyewe alikataa. Alisema hawezi kujificha kama mwizi kwenye kazi aliyoifanya mchana kweupe maisha yake yote.

Halafu gari la kamati likazimika.

Lilikuwa gari la matangazo, lenye vipaza sauti viwili juu, na katibu aliliendesha mwenyewe kwa sababu kanuni ya kumi na moja iliwakataza watu wawili kukaa kiti cha mbele. Mvua ya asubuhi ilikuwa imelainisha njia, na huko Kamuli, chini kidogo ya kilele cha mlima, injini ikakata. Akapiga simu Kayanga. Mfanyabiashara akamwambia ampigie yule mama wa Igurwa. Akanipigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekwama?"

"Nimesimama kidogo."

Nilimwambia shemeji apande. Akasema ruhusa hana. Nikamwambia kutazama hakujapigwa marufuku, kanuni zote kumi na nne nazijua kwa moyo. Akavaa barakoa yake, akapanda nyuma, penye winchi, maana kanuni ya kumi na moja nayo tuliijua.

Tulilisikia gari kabla ya kuliona. Injini imekufa lakini betri nzima, na vipaza sauti vinaendelea na tangazo lililorekodiwa: wananchi epukeni mikusanyiko isiyo ya lazima. Kulizunguka gari walikuwa wamejaa watu wa kijiji kizima, wamekusanyika kusikiliza. Katibu alikuwa akiwapungia mikono watawanyike, nao kwa adabu wakawa wanampungia na wao. Nilibaki kwenye lori nikicheka mpaka barakoa ikalowa.

Tukapulizia dawa, tukasubiri, nikajaza fomu. Kisha nikamuuliza, "Nani atashika usukani?"

Akatazama huku na huku. "Si nikae mimi tu, mama? Ni mwendo mfupi."

"Kanuni ya tisa, mwanangu."

Nilimwona akihangaika. Alikuwa kijana mwaminifu, hilo namsifia, angeweza kuniambia tufumbe macho na hakusema. Badala yake akauliza kama hakuna njia nyingine. Nikasema ipo. Wenyeji wakaniletea kamba za mgomba, nikaufunga usukani barabara kwenye kiti na kwenye mlango ili magurudumu yatazame mbele. Tukakata vigogo viwili vya mgomba, tukavifunga nyuma ya lori ili gari likinigonga ligonge kitu laini. Shemeji alisimama pembeni akitazama. Alinijia karibu, mita zake mbili, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, baada ya kilele kuna kona."

"Naijua."

"Na kamba italegea."

"Najua."

Alinitazama usoni kwa muda. Barakoa haikunionyesha mdomo wake, lakini macho nayajua.

Hapa lazima nikiri jambo ambalo sijamwambia katibu mpaka leo. Kona ile niliifahamu kama mlango wa jikoni kwangu. Nilijua upande wa chini kuna kibanja chenye migomba iliyosongamana na ardhi laini iliyotifuliwa, wala hakuna nyumba karibu. Niliwaambia watu wote wapande upande wa juu wa barabara, nikahesabu mpaka nikaridhika, nikamwomba mama mmoja amshike mbuzi wake. Kisha nikavuta.

Mpaka kileleni mambo yalikwenda vizuri sana. Katibu alitembea pembeni ya barabara akitabasamu, nadhani alikuwa tayari anaitunga ripoti. Tukavuka kilele. Gari likapata mteremko, kamba ikalegea, na safari hii hapakuwa na wimbo wa kuniharakisha. Ndoano ikachomoka kama ilivyozoea. Mimi nikakata kona. Gari la kamati, ambalo usukani wake ulikuwa umefungwa kutazama mbele, likaendelea mbele. Likaingia kibanjani polepole, kwa heshima zake zote, likilaza mgomba mmoja, wa pili, na wa tatu uliokuwa na mkungu, kisha likasimama limeinamisha pua kwenye majani. Ndani ya kibanja tangazo likaendelea kuwaomba wananchi wabaki majumbani kwao.

Mwenye kibanja alikuwa bibi mmoja mfupi aliyetokea kwenye migomba na kisu mkononi.

"Ee waitu! Gari hili la nani?"

"La kamati, bibi," katibu akasema, akihema. "Shikamoo."

"Marahaba. Dereva wake yuko wapi?"

Katibu akageuka kulitazama gari.

"Nimekuuliza dereva."

"Hana, bibi. Hakuna mtu ndani."

Bibi akachungulia dirishani, akaona usukani uliofungwa kamba za mgomba kama ng'ombe. Akamgeukia tena. "Limekuja lenyewe kunisalimia?"

Watu wote wa upande wa juu wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote. Bibi hakucheka. Alikwenda kwenye mkungu ulioanguka, akaupapasa. Ulikuwa umebakiza wiki mbili kukomaa. Akasema mkungu huu ulikuwa wa wageni wake, sasa umeangushwa leo, basi utaliwa leo, na aliyeuangusha ndiye atakayeumenya. Akamnyooshea katibu kisu.

Kijana akaniangalia. Nikamwambia kwa huku kwetu hapo hapana rufaa.

Akanawa kwa maji ya dawa, akakaa kwenye kigoda mbali na wengine, akakunja mikono ya shati na kuanza kumenya ndizi mbichi. Hakuwahi kumenya ndizi maishani mwake, ilionekana. Utomvu ulimpata vidoleni, viganjani, ukapanda mpaka kwenye kikunjo cha shati, na utomvu wa ndizi hauondoki kwenye nguo mpaka nguo yenyewe iondoke. Shemeji akakaa naye, mita mbili, akamwonyesha namna ya kuukata mgongo wa ndizi kwanza kisha kulivua ganda. Alimfundisha kwa upole wote, kana kwamba hakuna mtu aliyemuudhi. Nikasikia katibu akimuuliza, "Mzee, wewe hufanya nini hasa ukiwa ndani?"

Shemeji akamweleza. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Alimweleza uzito wa usukani, breki inavyotaka kukanyagwa mapema, namna ya kuisikia kamba kwa matako kabla ya kuiona kwa macho. Akaeleza nyimbo. Katibu alikuwa ameacha kumenya. Shemeji akamaliza kwa kusema, "Ningekuwemo, bibi huyu angekuwa na mkungu wake." Hakusema kwa kulaumu, na kijana akainamisha kichwa.

Tulikula ndizi zile kila mtu na jani lake na mti wake wa kuegemea. Katibu aliomba aongezwe. Kisha akatoa karatasi ya kanuni, na kwa mikono iliyojaa utomvu akaandika kwa kalamu nyekundu chini ya ile ya tisa: isipokuwa mshika usukani mmoja, mwenye barakoa, baada ya gari kupuliziwa dawa.

"Na madirisha yawe wazi," shemeji akasema.

"Kwa ajili ya hewa?"

"Kwa ajili ya kuimba."

Akaandika madirisha yawe wazi. Halafu kalamu ikasimama. "Mzee, leseni yako ni daraja gani?"

Nilikuwa nimesahau leseni. Shemeji akajifuta mikono kwa jani, bila haraka. "Leseni ni ya kuendesha, mwanangu. Mimi siendeshi. Huyu shemeji ndiye anaendesha. Mimi nashika."

Katibu akalirudia neno hilo: anashika. Kisha akaandika, na wiki iliyofuata, baada ya kamati kukaa na kukubali, kibali kikaja kikiwa na picha na mhuri: Mshika Usukani wa Gari Lisilowaka. Pembeni kilikuwa na alama ya kidole cha katibu, kahawia, ya utomvu usiotoka. Ilikuwa karatasi ya kwanza yenye sura ya shemeji na kazi yake pamoja.

Lakini siku ile ile ya ndizi, kwa kile kilichoandikwa kwa kalamu nyekundu, tulilitoa gari kwa winchi, na yeye akapanda. Nilimwona akifungua madirisha yote mawili. Nilipoanza kuvuta kuelekea Rubwera, besi yake ikanifikia kupitia barakoa, nzito kidogo, kwa mwendo wa ibada, chini yake lile tangazo likiendelea. Nililia. Nililia na kucheka mpaka Rubwera, na kwa bahati kioo changu hakionyeshi mtu yeyote isipokuwa kiwiko.

Ugonjwa ukaisha, tukashukuru. Nilikirudisha chini kikapu cha kahawa. Siku ya kutangaza mwisho wa masharti lilipita gari lile lile, na mimi na shemeji tulikuwa barabarani hapo Igurwa, tukifunga kamba. Kipaza sauti kikasema ndoo ziondolewe, mikusanyiko iruhusiwe, na vibali vyote vilivyotolewa wakati wa dharura... Nilipofahamu kwamba kinachotaka kusemwa ni vimekwisha kazi kuanzia leo, niliruka ndani ya lori nikakanyaga mafuta mpaka mwisho. Lori likanguruma, moshi ukatanda, na gari la matangazo likapita. Nilipoteremka nikamwambia shemeji nilikuwa najaribu injini. Akasema sawa.

Tangu hapo nimeishi na uongo wangu. Tukisimamishwa njiani, shemeji hutoa kibali chake kwenye mfuko wa nailoni, anakinyoosha, anampa askari. Askari anakisoma mpaka chini kwenye tarehe. Anamtazama shemeji, ananitazama mimi kwenye lori nikimkonyeza kwa bidii, anakirudisha kwa mikono miwili. "Safari njema, mzee." Wapo wanaopiga saluti. Mimi hukaa pale nimejaa fahari kwa ujanja wangu.

Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa chini ya lori tukingoja mvua ikatike, kikapu cha kahawa katikati yetu. Kibali kilikuwa kimeloa kidogo, akawa anakikausha kwa kukipepea. Nikamwambia akitunze, karatasi ya maana ile.

"Ilikwisha, shemeji," akasema, akitafuna. "Ilikwisha siku ile walipotangaza."

Nilikisogeza kikapu kando. Kisha nikamuuliza alisikiaje, na lori lilikuwa linanguruma vile.

"Miaka thelathini kazi yangu ni kuisikiliza injini hiyo. Ikinguruma kwa kazi naijua. Siku ile haikuwa kazi."

Nikaona aibu kutoka kichwani mpaka miguuni. Nikamuuliza kwa nini basi bado anakitoa, kila askari, kila safari.

"Wao wanafurahi kukisoma," akasema. "Na wewe unafurahi kuwatazama wakikisoma. Nimekuwa nikikuangalia."

Mvua ikakatika. Akakirudisha kibali kwenye mfuko wa nailoni, akautia kifuani, akaenda kwenye gari la nyuma na kufungua madirisha yote mawili. Nikapanda lori na gauni langu, nikasubiri aanze.